Nawashwa kama nimelalia upupu: limau, dawa ya meno au kijiko cha moto, kipi hasa kinasaidia?

#1 Mpangaji_wa_Bondeni
Wakuu, salaam. Hii ni wiki ya tatu tangu nihamie chumba hiki hapa Tabata, upande wa bondeni, na wiki zote tatu nimezimaliza nikijikuna. Vipele vyekundu, vingine vimevimba kama punje ya njegere. Viko kwenye vifundo vya miguu, viko kiunoni pale mkanda unapokaa, na vitatu shingoni vimejipanga kama vifungo vya shati. Chandarua ninacho na nakichomekea. Mke wangu tunalala kitanda kimoja, hana hata kimoja, ananiangalia kama najiendekeza.

Mpaka sasa nimepaka limau (moto wake msiombe), dawa ya meno (inapoza dakika kumi, kisha muwasho unarudi na ndugu zake), na mate ya asubuhi kabla sijaongea na mtu, huu ukiwa ushauri wa shangazi kwa simu. Juzi jirani akachovya kijiko kwenye maji ya moto, akakipunga kidogo, akanibandika. Wakuu, nililala mpaka adhana.

Sasa swali. Kwa nini kijiko cha moto kisaidie, wakati wengine wanasifia barafu? Moto na baridi vinatibu kitu kimoja? Na ipi dawa ya kweli ya nyumbani, ya mtu wa kipato changu?

#2 Siti_ya_Dirishani
Nimewahi nafasi. Ngoja wataalamu waje.

#3 MamaPacha
Hilo limau ulipopaka ulitoka nalo juani? Kama ndiyo, jiandae. Mimi mwanangu aliumwa na mbu tukiwa matembezini Kigamboni, nikamsugua ndimu miguuni, nikamwacha acheze mchangani mchana kutwa. Siku ya pili ngozi ikawaka, ikatoa malengelenge, na baada ya hapo mabaka meusi yakakaa miezi. Niliambiwa hospitali kwamba maji ya ndimu na limau yakikutana na jua kwenye ngozi yanaunguza, na hata ukiwa hujaumwa na mdudu yatakuunguza. Paka usiku ukitaka, ila oga kabla hujatoka. Bora usipake kabisa.

#4 Mzaramo_Asilia
Watu wa mjini mna shida, mnaanzia jikoni badala ya kuanzia uani. Kwa bibi Kisarawe tulikuwa hatupaki kitu mpaka mdudu mwenyewe ashughulikiwe. Jua likizama, makumbi ya nazi yanawekwa kwenye kigae, moto kidogo tu, yanafuka bila kuwaka. Juu yake kivumbasi kibichi. Ule moshi ukikupita machoni unalia, lakini mbu hakai. Aliyeumwa anachemshiwa majani ya mwarobaini, maji yanakuwa na rangi ya chai ya rangi na uchungu unaousikia puani kabla hujayagusa, anaoga yakiwa vuguvugu, hajifuti. Asubuhi mtoto yuko safi.

Dawa ya meno ni ya meno, jamani.

#5 Kaunta_Namba_Mbili
Nipo duka la dawa, nijibu kidogo.

Mbu anayeuma ni jike tu, anatafuta damu kwa ajili ya mayai. Anapotoboa anatema mate yenye vitu vya kuzuia damu isigande. Mwili wako ukiyatambua yale mate unamwaga kemikali inaitwa histamini, ndiyo inayovimbisha na kuwasha. Kwa hiyo unachowashwa ni hasira za mwili wako mwenyewe. Ndiyo maana watu wawili wanaumwa usiku mmoja, mmoja anavimba, mwingine hana alama. Mkeo huenda anaumwa sawasawa na wewe.

Barafu inabana mishipa ya damu na kutia ganzi. Ifunge kwenye kitambaa, dakika kumi, pumzisha. Dawa ya meno inapoza kwa sababu ya mentoli, inaudanganya mfumo wa fahamu kwamba pana baridi. Ikikauka uongo umeisha. Kama unataka cha dukani cha bei nafuu, kalamini, ile ya rangi ya waridi, tikisa kwanza. Muwasho ukizidi, kidonge cha setirizini. Piriton ni ya zamani, inafanya kazi lakini inalaza, ukiwa dereva wa boda usijaribu.

#6 Chuma_Moto
Kijiko ndiyo mpango mzima. Joto linaua ile sumu ya mbu, inapikwa kama yai linavyoganda. Nimekitumia tangu niko bweni.

#7 Kaunta_Namba_Mbili
@Chuma_Moto wengi wanaeleza hivyo, lakini tafakari: joto la kupika yai likifika ndani ya ngozi yako, na wewe umepikwa. Mate ya mbu hayapo tena pale pale kama chapa, yameshaingia. Maelezo ninayoyaamini mimi ni kwamba joto linabeba taarifa kwenye mishipa ile ile ya fahamu inayobeba muwasho, ubongo unasikiliza joto kwanza. Ndiyo maana baridi nayo inasaidia. Mleta mada, hapo ndipo moto na barafu vinapokutana.

#8 Chuma_Moto
Sasa kama ni kuudanganya ubongo tu, mbona mimi nikibandika mara moja haurudi mpaka kesho? Ubongo wangu ni mjinga kiasi hicho?

#9 Siti_ya_Dirishani
Hilo swali usituulize sisi 😂

#10 Binti_Mbagala
Mimi hata sihitaji kijiko. Nachora msalaba kwa kucha juu ya kipele, nabonyeza kwa nguvu. Kwetu nyumba nzima tunafanya hivyo na hakuna aliyetufundisha.

#11 Mwana_Hosteli
Naona wote mnajadili mbu. Soma tena post #1. VITATU VIMEJIPANGA. Kaka, hao ni kunguni. Asubuhi, mchana, jioni, kama vidonge. Watu wanasema kunguni anaonja hapa, anasogea, anaonja tena.

Nilikaa hosteli mwaka mzima nikidhani nina aleji ya sabuni. Nilipaka kila kitu. Siku moja saa tisa usiku nikawasha tochi ya simu ghafla, nikainua mshono wa godoro. Alikuwa mmoja, bapa, rangi ya kahawia, ameshiba mpaka tumbo limekuwa refu na jekundu. Hakukimbia hata kwa haraka, alikuwa anatembea kama mtu anayetoka harusini. Pembeni vidoto vyeusi vingi kama mtu amegusagusa kwa ncha ya kalamu. Hayo ni mavi yao. Tangu siku hiyo nikilala ugenini nakagua mishono kwanza ndipo nasalimia wenyeji.

Chandarua hakikusaidii, umejifungia nao ndani.

#12 Mpangaji_wa_Bondeni
@Mwana_Hosteli godoro ni jipya, nimelinunua na nailoni yake. Nimekagua jana baada ya kusoma post yako kwenye simu ya mke wangu (yangu haina bando). Hakuna vidoto.

#13 Mwana_Hosteli
Godoro jipya. Kitanda je?

#14 Mpangaji_wa_Bondeni
Kitanda nimekikuta chumbani.

#15 Mwana_Hosteli
Nimemaliza kazi yangu.

#16 Fundi_Seremala_Keko
Hujamaliza. Kunguni hawakai godoroni tu. Legeza chaga, angalia tundu za misumari na pale mbao zinapoungana. Wanaweza kukaa miezi bila kula wakisubiri mpangaji mpya, hivyo usidanganywe na "chumba kilikuwa kitupu". Maji yanayochemka kwenye maungio ya mbao, siyo vuguvugu, yachemke. Shuka na chandarua kwenye maji ya moto. Godoro juani ni vizuri, ila jua peke yake halifiki katikati ya godoro nene, nao wanajua kusogea kivulini.

Na kwa heshima zote, msipake mafuta ya taa mwilini. Nimemwona kijana hapa karakana alipaka kiunoni kuua muwasho, akavaa jinzi, akafanya kazi mpaka saa kumi. Ngozi ilitoka na mkanda.

#17 Hamira_Tu
Mimi nilisoma mahali soda ya kupikia ukiikoroga na maji iwe uji mzito inatuliza. Nikapaka, haikusaidia chochote.

#18 MamaPacha
@Hamira_Tu jina lako linanitia wasiwasi. Ulipaka soda au hamira?

#19 Hamira_Tu
Kuna tofauti?

#20 Binti_Mbagala
Kipele kiliumuka? 🤣🤣 Nimemwaga chai.

#21 Kaunta_Namba_Mbili
Tucheke lakini tuelewane, maana mtu anaweza kuumia. Hamira ni ya maandazi, haina kazi hapo. Soda ya kupikia, bikaboneti, ndiyo inayosemwa, kijiko kimoja na maji kidogo, dakika kumi, osha. Wapo inaowasaidia. Magadi ya kulainishia maharage ni makali zaidi, acha. Na kostiki ya kutengenezea sabuni, ambayo sokoni wengine nayo wanaiita magadi, hiyo inakula nyama. Kama umeinunua kwenye kimfuko kisicho na maandishi, usipake.

#22 Babu_wa_Kibada
Habari za humu vijana. Nimesoma yote. Mmesahau usubi. Huku Kigamboni, karibu na mikoko, usubi wanatoka alfajiri na magharibi, wadogo kama chembe ya pilipili manga, na matundu ya chandarua cha kawaida wanapita kama wamefunguliwa geti. Kuuma kwake ni kama cheche ya sigara, na muwasho unakaa siku nne mpaka wiki. Mimi dawa yangu ni mshubiri. Unakata jani, unalisimamisha kwenye bakuli kwanza ule utomvu wa njano utiririke, kwa sababu huo wenyewe unawasha. Baada ya hapo unamenya, unapaka ule uteute mweupe. Vijana wengi wanapaka na njano yake halafu wanasema mshubiri hauna maana.

#23 Mzaramo_Asilia
Shikamoo babu. Hapo kwenye utomvu nimejifunza, sisi tulikuwa tunapaka vyote.

#24 Babu_wa_Kibada
Marahaba. Ndiyo maana mlikuwa mnalia.

#25 Mjasiriakuku
Mleta mada, swali moja tu. Hapo kwenu kuna mtu anafuga kuku?

#26 Mpangaji_wa_Bondeni
Mwenye nyumba. Banda liko chini ya dirisha letu. Kwa nini?

#27 Mjasiriakuku
Utitiri. Funga uzi. Wanaishi kwenye viota vya kuku, ni vidogo kiasi kwamba unaona vumbi linatembea. Kuku akihama au akichinjwa, wanatafuta pengine, wanapitia dirishani. Wanapenda pale nguo inapobana, KIUNONI. Mimi na banda langu la kuku mia mbili nawajua kwa majina. Pitisha kidole ukutani chini ya dirisha usiku, angalia kwa tochi kama kuna vidoto vinatembea.

#28 Mwana_Hosteli
Utitiri hawapangi vitatu vitatu. Kunguni.

#29 Mjasiriakuku
Kunguni hawapendi mkanda. Utitiri.

#30 Binti_Mbagala
Mshindi apewe kuku.

#31 Damu_Tamu
Mbona hakuna anayejibu la mke? Mimi nipo kama yeye, tukikaa watu kumi barazani mbu wote wangu. Bimkubwa anasema nina damu tamu.

#32 Mwalimu_wa_Bayo
Damu tamu hakuna, mbu haonji kabla hajachagua. Anafuata pumzi unayoitoa, yaani kabonidioksaidi, kisha joto, kisha harufu ya ngozi. Harufu ya miguu hasa. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, Dk. Fredros Okumu na wenzake, walijulikana kwa mitego iliyotumia harufu ya soksi zilizovaliwa kuvutia mbu. Soksi, siyo sukari. Kwa hiyo mleta mada, vile vya kwenye vifundo vya miguu, huenda majibu yako kwenye viatu.

Na kuna utafiti wa Burkina Faso, ulitoka 2010, waliokunywa pombe yao ya mtama walivutia mbu zaidi ya waliokunywa maji. Sitaki kumuuliza mtu jioni anapitia wapi.

#33 Mpangaji_wa_Bondeni
Mwalimu, hii post mke wangu ameisoma kabla yangu. Ahsante sana.

#34 Siti_ya_Dirishani
Siti yangu imelipa.

#35 Mtu_wa_Newala
Wadau wa mjini mnacheza na muwasho, mkumbuke mbu wa mchana. Dengi iliwasumbua sana hapo Dar 2014 na tena 2019, na yule mbu wake, mweusi mwenye madoa meupe, anauma mchana, anazalia kwenye maji masafi ya ndoo, matairi na vifuu vya nazi. Ukiwashwa na kuvimba tu ni sawa. Ukiwa na homa kali, macho yanauma kwa nyuma, viungo vimekaza, achana na kijiko, nenda ukapime. Na usimeze aspirini wala dawa za jamii ya dikilofenaki kabla hujajua ni nini, kama ni dengi zinaweza kuongeza kutoka damu.

#36 Binti_Mbagala
Mmakonde ametoka kwenye maswali ya kipele mpaka homa. Nyie kila kitu mnakipeleka mbali.

#37 Mtu_wa_Newala
Dada, chikungunya dunia nzima inaitwa kwa Kimakonde. Iligundulika huku kwetu Kusini mwaka 1952, jina lina maana ya kujikunja kwa maumivu. Madaktari wa Brazil na India wanalitamka neno la bibi yangu kila siku. Nyie lenu liko wapi?

#38 Mzaramo_Asilia
Letu ni mdundiko, haliumi viungo, linavichezesha.

#39 Mpemba_Ilala
Huyo mbu wa usiku naye asisahaulike, wa vyooni na mifereji iliyoziba. Ndiye anayeeneza matende na mabusha. Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980 walimwaga vipunje vya povu jeupe, lile la kufungashia televisheni, ndani ya vyoo vya shimo. Vinaelea juu ya maji, viluwiluwi wa mbu hawapati pa kuvutia pumzi. Mbu walipungua mno. Bondeni huko kwenu vyoo vikijaa masika nani atalaumu kuku?

#40 Mjasiriakuku
Umesema kweli. Ila ni utitiri.

#41 Kaunta_Namba_Mbili
Nyongeza moja kabla sijasahau. Ukikuta kidonda kama mstari wa kuungua, kimetokea siku moja au mbili baadaye, na hukusikia kuumwa, huenda ni yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi wa wakati wa mvua, Nairobi flai. Huyo haumi wala hachomi. Umempondea mwilini, maji yake ndiyo yameunguza. Akikutua mpulize, usimpige kofi. Ukishamponda osha kwa sabuni na maji mengi, na mikono pia, usishike macho. Hapo limau na kitunguu saumu vitazidisha kidonda.

Pia msinunue zile krimu za kuchanganya za kung'arisha uso mkapaka kwenye vipele.

#42 Mama_Abdul_Sinza
Mimi nampaka mwanangu asali. Anailamba. Mbu wanaongezeka au wanapungua sijui, ila amenyamaza.

#43 MamaPacha
😂 Sisimizi watakuja kuanzisha uzi wao. Lakini mkate kucha huyo mtoto. Kipele chenyewe hakina neno, uchafu wa kucha ndio unaokigeuza jipu.

#44 Mpangaji_wa_Bondeni
Mrejesho, wakuu. Samahani kwa kimya, nilikuwa kazini siku tatu mfululizo.

Jumamosi nilifumua kitanda. Nimemwaga sufuria mbili za maji ya kuchemka kwenye maungio kama alivyosema fundi wa Keko. Wametoka mende wawili na kadi ya simu ya mtu. Kunguni hata mmoja hakuna. Usiku nikapitisha kidole ukutani chini ya dirisha. Vumbi. Halikutembea, ila nimelitazama muda mrefu mpaka nikaanza kuona linatembea. Nimeenda kwa mwenye nyumba kuulizia banda, akasema kuku wake wana afya kuliko mimi.

Mshubiri wa babu umetuliza vizuri kuliko vyote, nimemwaga ile njano. Kijiko bado nakipenda. Viatu nimeviacha nje.

Jana usiku tumelala chini kwenye mkeka, sebuleni, mbali na kitanda na mbali na dirisha. Asubuhi shingo haina kipya, kiuno hakina kipya. Vifundo vya miguu, vipya sita. Na mke wangu ameamka anakuna kisigino.

#45 Mwana_Hosteli
Kumbe umewahamisha na mkeka. Kunguni.

#46 Mwalimu_wa_Bayo
Mke naye? Basi nilichosema cha pombe nakirudisha mfukoni kwa muda.

#47 Babu_wa_Kibada
Chini. Vifundoni tu, na kisigino. Kijana, paka mnaye?

#48 Mpangaji_wa_Bondeni
Siyo wetu. Wa mwenye nyumba. Ila huwa analala kwenye ule mkeka mchana.

#49 Siti_ya_Dirishani
Viroboto!! Haya, tuanze upya. Nani ana siti ya mbele, hii imechakaa.